Kwanza Mafiga, Halafu Jicho

Ndugu msomaji, naomba nianze na habari ya kununua kitu dukani, maana nikianza moja kwa moja na falsafa najua wengine mtafunga kurasa mwende zenu kucheza drafti. Falsafa itakuja yenyewe. Nivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu alinitaka nimsindikize Geita. "Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba), "wewe umesoma. Kuna maandishi kwenye zile darubini, utanisomea nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Mjomba alikuwa traka, yaani mfuata nyayo, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii vya Pori la Akiba Maswa, kusini-magharibi ya Serengeti. Siku hizi Maswa imo mkoa wa Simiyu, lakini mpaka mwaka 2012 ilikuwa Shinyanga, na mjomba ukimwuliza atakwambia kazi yake iko Shinyanga. Mikoa inagawanywa na wakubwa, anasema, nyati hawajapewa taarifa. Kazi yenyewe ni ya msimu. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo kila traka anahangaika kupata kambi ya kumchukua. Mjomba alikuwa amesikia kwamba traka mwenye darubini yake mwenyewe ya jicho moja, ile inayosimama juu ya stendi ya miguu mitatu, halali njaa. Akauza ng'ombe wawili. Tukapanda gari, tukapita Kahama, tukapita Kakola, tukafika Geita tumekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali.

Geita ni mji wa dhahabu, nadhani hakuna wa kuambiwa. Ulipofunguliwa mgodi mkubwa mwaka 2000 walikuja watu wa kila rangi, na watu wakija huja na vitu, na wakiondoka huviacha. Ndiyo maana pale mjini unaweza kukuta duka limejaa viatu vya chuma, kofia ngumu, taa za kichwani, mahema na darubini, vyote mitumba. Kijana wa duka alitutolea darubini mbili akaziweka mezani.

Kubwa ilikuwa imeandikwa 20-60x80. Ndogo iliandikwa 15-45x65. Nikamsomea mjomba, nikamfafanulia kama nilivyoelewa, na wewe msomaji nakufafanulia hivyo hivyo kwa sababu hapa ndipo penye hoja. Namba za kwanza ni ukuzaji. 20-60 maana yake unaweza kukizungusha kioo cha jicho ukaona kitu kimesogea mara 20, ukaendelea mpaka mara 60. Namba ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, mlango wa kuingilia mwanga. Kubwa ilikuwa na mlango wa milimita 80, ndogo milimita 65.

"Hii inavuta mara sitini, mzee wangu!" kijana alisema akiipigapiga ile kubwa mgongoni kama anauza ng'ombe mnadani. "Unahesabu kupe kwenye sikio la nyati. Na stendi nakupa bure." Stendi yenyewe ilikuwa ya miguu myembamba kama ya korongo.

Mimi, kwa ujana wangu, nilikuwa nimeshakubali. Sitini si zaidi ya arobaini na tano? Themanini si zaidi ya sitini na tano? Bei inakaribiana? Basi dili limejipa, twende tukale. Mjomba hakusema kitu. Akaomba tutoe darubini zote mbili nje.

Ilikuwa saa saba mchana. Tukaielekeza kubwa kwenye bati la nyumba iliyokuwa mbali, upande wa mlimani. Kwa mara 20 niliona bati, niliona mawe yaliyowekwa juu yake lisipeperuke, niliona na kuku kivulini. Nikazungusha mpaka 60. Bati likawa uji. Joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini, na ule mvuke wa joto, ambao kwa macho matupu huuoni, ulikuwa umekuzwa mara 60 pamoja na bati. Halafu pikipiki ikapita barabarani, stendi ikatetemeka, na dunia yote ndani ya kioo ikaruka kama ina degedege. Mjomba akagonga mguu mmoja wa stendi kwa kidole, taratibu, akaanza kuhesabu picha inachukua muda gani kutulia. Moja, mbili, tatu, nne, tano... Akaacha kuhesabu.

"Mjomba," akasema, "ukikuza kitu unakuza na mtikisiko wake."

Kijana wa duka alikasirika kidogo alipoambiwa tutarudi jioni. Alidhani tunazuga. Lakini saa kumi na mbili na nusu tulikuwa pale, kwa sababu wanyama wa porini hawaonekani saa saba mchana, wanaonekana alfajiri na magharibi. Sasa likaja somo la pili. Ukigawa upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa ule mwali wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. 80 gawa kwa 20 ni milimita 4. 80 gawa kwa 60 ni milimita 1 na kidogo. Giza likianza kuingia mboni ya jicho hutanuka mpaka milimita 5, kwa kijana hata 7, inaomba mwanga. Wewe unaipa milimita 1. Ndiyo sababu kwa mara 60 tuliona giza tupu. Kwa mara 20 tuliona vizuri, na ile ndogo kwa mara 15 iliona vizuri vile vile, maana 65 gawa kwa 15 ni zaidi ya milimita 4. Tusidanganyane, kwa ukuzaji uleule kioo kikubwa kina mwanga zaidi, na mwenye gari la kubebea mizigo akinunua kikubwa hajakosea. Lakini mjomba anatembea kwa miguu siku nzima.

Basi akaichukua ndogo. Halafu akafanya jambo lililonishangaza. Kwenye kona ya duka kulikuwa na stendi kuukuu, nzito, iliyoachwa na mpiga picha za video, yenye kichwa kinachogeuka polepole bila kurukaruka. Bei yake ilikaribia bei ya darubini yenyewe. Mjomba akaitaka hiyo. Akaikunjua miguu ile minene ya juu tu, akaacha ile myembamba ya chini ndani. Ule mti wa katikati hakuupandisha kabisa. Akaning'iniza chini yake mfuko wa rambo wenye mawe. Akagonga mguu kwa kidole: moja, mbili, kimya.

Kijana akacheka. "Mzee, sasa unanunua macho au unanunua miguu?"

"Nanunua mafiga," mjomba akajibu. "Kwenu mnapika juu ya nini?"

Kila aliyezaliwa kijijini anajua kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mimi methali hiyo nilikuwa nimeifundishwa shuleni kwamba maana yake ni umoja. Siku ile Geita nikaiona ina maana nyingine. Mafiga ni matatu kwa sababu vitatu vikisimama havichezi hata ardhi ikiwa na mabonde. Chungu kizuri juu ya mafiga mabovu kitamwagika tu.

Hoja yangu, ndugu msomaji, ni hii. Tumezoea kudhani kwamba ubaya unatokana na kutoona, na kwamba dawa yake ni kuona zaidi: habari zaidi, picha zaidi, namba kubwa zaidi. Mimi nasema mabaya mengi katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita yamefanywa na watu walioona vizuri sana, lakini walioona wakiwa hawajatulia. Nitafafanua. Lakini kwanza twende porini, ili tuone huyu mwindaji ana kazi gani na kioo.

Watu wengi wanafikiri darubini ya mwindaji ni ya kutafutia mnyama. Si kweli. Mnyama anatafutwa kwa nyayo, kwa darubini ndogo ya macho mawili, na kwa masikio. Hii ya miguu mitatu inakunjuliwa wakati mnyama ameshapatikana, na kazi yake ni kujibu swali moja: je, ni huyu? Chukua simba. Kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania zinataka simba anayepigwa awe dume aliyetimiza walau miaka 6. Sababu yake si huruma tu. Dume akichukua kundi la majike, mara nyingi huua watoto wa dume aliyemtangulia. Kwa hiyo ukimpiga dume kijana mwenye watoto wadogo, umeua na wale watoto, ingawa risasi ni moja. Ukimwacha mpaka akakuza uzao wake, kundi linabaki.

Sasa simba hana kitambulisho cha taifa. Umri wake utaujuaje? Watafiti waliofanya kazi Serengeti, Karyl Whitman na Craig Packer pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2004 katika jarida la Nature matokeo ambayo traka kama mjomba wanayajua bila kulisoma jarida lenyewe: tazama pua. Simba mtoto ana pua ya rangi ya waridi. Kadiri anavyokua madoa meusi yanaongezeka, na akifika miaka mitano hivi zaidi ya nusu ya pua inakuwa nyeusi. Manyoya ya shingoni yanaweza kukudanganya, maana wapo wanaoyaotesha mapema na wapo wasiojaliwa. Pua ina nafuu, ingawa nayo unailinganisha na meno na makovu ya uso.

Fikiri basi. Uhai wa mnyama, na wa watoto usiowaona, umening'inia kwenye weusi wa pua isiyozidi kiganja, mbali, jioni, kwenye nyasi. Mteja amelipa pesa nyingi, siku zake zinaisha, anahema. Mwindaji bingwa anataka mteja aridhike. Ukiwa na stendi ya miguu ya korongo kila doa la pua litatikisika mpaka uone weusi unaoutaka uwepo. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba alichagua darubini iliyopinda shingo badala ya ile iliyonyooka. Iliyonyooka ni ya haraka, unalenga tu kama bunduki. Iliyopinda unaiinamia kutoka juu, na mrefu na mfupi wote wanaweza kuitumia bila kuigusa wala kuipandisha. Traka anaangalia, anampisha mwindaji bingwa, anampisha askari wanyamapori ambaye lazima aambatane na msafara, halafu mteja. Watu wanne wanaona pua ileile, kwenye kioo kilekile, na kila mmoja anaweza kusema hapana. Mjomba anasema kifaa kinachotumiwa na mtu mmoja ni silaha, kinachotumiwa na watu wanne ni baraza.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Anasema: bwana mwandishi, unatuuzia maneno. Kioo kizuri kinamsaidia muuaji aue vizuri zaidi, basi. Ungekuwa na uchungu na simba ungesema asipigwe kabisa. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Mimi mwenyewe sijawahi kumpiga hata digidigi, na sijui kama ningependa. Ninaijibu nusu tu. Kioo hakimfanyi mtu kuwa mwema. Kinachofanya ni kumwondolea kisingizio. Aliyeona pua ya waridi kwa utulivu, akafyatua, hawezi tena kusema "nilidhani". Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda ukiwa ndani ya gari, na inakataza kuwinda usiku bila ruhusa maalumu. Ukiyaangalia makatazo hayo utaona yana busara moja: shuka, simama, subiri mwanga. Usiue ukiwa katika mwendo wala gizani.

Wazee wetu hawakuhitaji sheria hiyo iandikwe. Wasukuma walikuwa na chama cha Banunguli, wawindaji wa nungunungu wanaoharibu mashamba. Mwindaji wa Banunguli aliingia shimoni mwenyewe, kwa tumbo, akakutana na mnyama uso kwa uso ndani ya udongo. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosea amemwua nani. Sisi tumepata bunduki, tumepata umbali, na umbali umetuletea deni ambalo Mnungulì shimoni hakuwa nalo: deni la kuhakikisha.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuja hapa kuzungumzia simba peke yake.

Wote tuliokulia usukumani tunajua habari ya vikongwe wenye macho mekundu. Kwa miaka mingi, akina bibi wameuawa kwa mapanga katika vijiji vya Shinyanga, Mwanza na Geita kwa kuambiwa ni wachawi, na ushahidi ulikuwa macho yao. Nataka tuelewane vizuri hapa. Wauaji hawakukosea kuona. Macho yalikuwa mekundu kweli. Wangepewa darubini ya mara 60 wangeona wekundu mara 60. Walichokosa ni kukaa pale, kutulia, na kuuliza: wekundu huu umetoka wapi?

Umetoka kwenye mafiga. Shinyanga miti ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuwafukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa malisho. Kuni zikaadimika mpaka wanawake wakawa wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ule moshi ni mkali, jamani, na jikoni hakuna dirisha. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga matatu miaka hamsini, akipuliza moto ili wanaume wale, macho yake yatakuwaje? Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, watu wakahimizwa kurudisha ngitili, yale malisho ya akiba yanayofungwa ili majani na miti viote tena. Mimi huona kila ngitili iliyorudi ni kama ushahidi wa utetezi katika kesi ya bibi fulani, uliochelewa kufika mahakamani.

Na hapa lazima niseme langu, la sivyo nitakuwa nahubiri.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kijijini kwetu kulikuwa na bibi mmoja, mjane, anakaa peke yake. Usiku mmoja nilitumwa kurudisha ndoo kwa jirani. Mbalamwezi ilikuwepo. Nikipita karibu na zizi letu niliona mtu amesimama, mweupeupe, hana kitu mkononi. Nikakimbia. Wiki ile ndama wawili walikufa. Watu wazima walipoanza kuulizana, nikasema mbele yao, kwa sauti ya mtoto anayefurahi kusikilizwa: "Mimi nilimwona bibi fulani zizini, kwa macho yangu mawili."

Palikuwa kimya. Halafu mjomba, mjomba huyu huyu wa darubini, akaniuliza mbele ya wote: "Mjomba, ulipomwona ulikuwa umesimama au ulikuwa unakimbia?"

Nikasema nilikuwa nakimbia.

"Ulisimama ukamtazama usoni?"

Nikasema hapana.

Akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia." Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na uvumi hauna breki. Usiku wa siku ya tatu mjomba alimpakia yule bibi kwenye baiskeli, akamfikisha barabara kuu, akampandisha lori la pamba kwenda kwa binti yake mjini. Hakuuawa. Hiyo ndiyo nafuu yangu pekee. Nyumba yake ilibomoka yenyewe kwa mvua, na baadaye nilijua kwamba hajawahi kurudi hata kuzika ndugu zake. Hakuna aliyenilaumu, nilikuwa mtoto. Mjomba naye hakulizungumza tena. Ila pale Geita, alipougonga ule mguu wa stendi kwa kidole na kuanza kuhesabu, nilijua anachopima, na nilitamani kutazama pembeni.

Tulipomaliza kulipa tukaingia mgahawani. Meza ya jirani walikaa mabroka wa dhahabu, na mmoja alikuwa na kipande kidogo cha dhahabu kilichotoka kuchomwa, bado kina weusi wa moto. Akatoa lenzi mfukoni, akakigeuza huku na huku. Akakikwaruza. Akakiweka kwenye mizani. Akampa mwenzake naye atazame. Dakika kumi nzima kwa kitu kidogo kuliko punje ya harage. Na yuko sawa, maana vyote ving'aavyo si dhahabu, na asipotulia atapata hasara.

Nikawaza: watu wa ukanda huu tunajua kutazama, hakuna anayeweza kutufundisha. Lakini ni ukanda huu huu, katika miaka ya kuanzia 2007, ambamo watu wenye ualbino waliwindwa, neno ni hilo, waliwindwa, kwa sababu waganga waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vyao vinaleta bahati. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hukumu na marufuku ni vya lazima. Lakini vinakuja baada. Swali langu ni la kabla: inakuwaje mtu anayetoa lenzi kwa punje ya dhahabu asitoe hata dakika moja ya utulivu kwa uso wa binadamu? Jibu ninaloliona ni kwamba dhahabu ikimdanganya anapata hasara yeye. Binadamu akikosewa, hasara ni ya yule aliyekosewa. Utulivu wetu tunautumia mahali ambapo tutalipa wenyewe. Maadili, kwa maoni yangu, yanaanza siku unapoutumia utulivu uleule mahali ambapo atakayelipa ni mwingine.

Vijana wenzangu mnaoandika, hili linatuhusu. Mjini tunashindana nani ameona mengi, nani ana stori kali, nani amekuza zaidi. Stori ya kijiji chenye wachawi inauzika, stori ya mchimbaji mlevi inauzika, na msela akishika kalamu huzungusha mpaka 60 ili msomaji aruke kwenye kiti. Sisemi tusikuze. Nasema tugonge kwanza mguu wa stendi tuhesabu. Je, nilikuwa nimesimama au nakimbia nilipomwona mtu huyu? Je, nimewapisha wengine nao watazame kwenye kioo hicho hicho? Je, kuna mwanga wa kutosha, au nataka tu weusi uwepo?

Kwa anayetaka ushauri wa bure wa kununua darubini, ni huu. Nenda dukani mchana, urudi jioni. Usidanganywe na namba ya juu, utatumia zaidi ile ya chini. Pesa yako igawe, na ile ya miguu uitenge kwanza. Miguu iwe minene, isimame chini, na uwe na kitu kizito cha kuning'iniza.

Msimu ule mjomba alipata kambi. Aliporudi Desemba nilimwuliza kama darubini imemsaidia. Akasema ilikuwepo siku moja, dume kubwa, manyoya mengi, mteja ameshapiga goti. Wakaikunjua, wakatulia, wakaangalia mmoja mmoja. Pua ilikuwa na waridi mwingi. Askari wanyamapori akatikisa kichwa. Mteja alinuna njia nzima mpaka kambini.

"Sasa mjomba," nikamwambia, "umeuza ng'ombe wawili ili mtu asipige?"

Alikuwa anasafisha kioo kwa kitambaa cha pamba. Hakuinua kichwa.

"Na wewe siku ile," akasema, "ningekuwa na cha kuuza ningeuza."